Andalio la Somo na Uamuzi wa Papo kwa Papo: Mfano wa Makocha wa Futiboli ya Kimarekani Vyuoni

Utangulizi

Kila yanapokaribia mazoezi ya kufundisha, walimu wanafunzi huuliza swali hili: je, mwalimu afuate andalio lake la somo neno kwa neno, au aliache pale anapoona darasa linakwenda njia nyingine? Wako wanaojibu kwamba andalio ni amri, na kwamba mwalimu akishaliandika hana ruhusa ya kuligeuza. Wako pia wanaosema kwamba mwalimu hodari hahitaji andalio, kwani somo liko kichwani mwake. Majibu yote mawili yana kasoro. La kwanza humfanya mwalimu afundishe karatasi yake badala ya kufundisha watoto. La pili humwacha mikono mitupu mara tu linapotokea jambo asilolitazamia.

Makala haya yanakusudia kulichunguza swali hilo kwa kutazama kazi ya makocha wa futiboli ya Kimarekani katika vyuo vikuu vya Marekani. Mchezo huo hauna wapenzi wengi kwetu. Hata hivyo, kocha wa mpira hapa kwetu huitwa mwalimu, na makocha wa vyuo wa Marekani wanastahili jina hilo. Wanafundisha vijana wanaokaa chuoni miaka michache tu, kwa saa zilizohesabiwa, kisha huwaona wakitahiniwa hadharani. Wamelazimika kufikiri kwa makini sana ni mambo gani yaamuliwe mapema, na ni yapi yaachwe hadi wakati wa kutenda. Hilo ndilo swali letu pia.

Mchezo Wenyewe kwa Ufupi

Kila timu huwa na wachezaji 11 uwanjani. Kati ya mistari miwili ya mwisho kiwanja kina urefu wa yadi 100, yaani mita 91 hivi. Timu yenye mpira hupewa majaribio 4 ya kuusogeza mbele walau yadi 10. Ikifaulu hupewa majaribio mengine 4. Isipofaulu, mpira huenda kwa wapinzani. Timu ikiuvusha mpira ng'ambo ya mstari wa mwisho wa wapinzani hupata pointi 6. Hapo huchagua mojawapo ya njia mbili za nyongeza: kuupiga mpira kwa mguu upite kati ya milingoti na kupata pointi 1, au kuuvusha tena mstari kwa kukimbia au kurusha na kupata pointi 2. Njia hii ya pili iliingizwa katika mchezo wa vyuo mwaka 1958. Aidha, timu inayoona haitaweza kuvuka mstari yaweza kuupiga mpira kwa mguu kati ya milingoti ikapata pointi 3.

Jambo linalotuhusu zaidi ni kwamba baada ya kila jaribio wachezaji hujipanga upya. Timu yenye mpira huwa na sekunde 40 za kujiandaa kwa jaribio linalofuata. Katika muda huo kocha huteua shambulio moja kutoka katika daftari la timu, hulituma uwanjani, na kila mmoja wa wachezaji 11 hana budi kujua wajibu wake. Mpira ukianza, huchukuliwa na kijana aitwaye kwotabeki, ambaye huukabidhi kwa mkimbiaji, au huurusha kwa mdakaji, au hukimbia nao mwenyewe. Uteuzi huo hufanyika mara nyingi mno katika mchezo mmoja.

Kwa miaka mingi makocha wa vyuo walituma maagizo yao kwa ishara za mikono na vibao vya picha. Tangu msimu wa mwaka 2024, vyuo vya daraja la juu vimeruhusiwa kutumia redio ndani ya kofia ya mchezaji mmoja. Lakini sauti ya kocha hukatwa sekunde 15 kabla ya muda wa kujiandaa kwisha. Tangu hapo kijana yu peke yake. Yafaa mwalimu mwanafunzi akumbuke jambo hili, kwa maana tutalirudia.

Kuandaa Machache na Kuyajua Barabara

Kocha mgeni hushawishika kujaza daftari lake mashambulio mengi ili wapinzani wasijue lijalo. Hal Mumme na msaidizi wake Mike Leach walifuata njia nyingine. Kuanzia mwaka 1989, katika chuo kidogo cha Iowa Wesleyan, walijenga mtindo wa kurusha mpira uliokuja kuitwa Air Raid, yaani shambulio la angani. Walichukua mengi kutoka kwa LaVell Edwards, kocha wa Chuo Kikuu cha Brigham Young. Tofauti yao ilikuwa katika kupunguza: walibakiza mashambulio machache, wakayarudia mazoezini siku baada ya siku mpaka yakawa kama desturi. Mwaka 1997 Mumme alikuwa kocha wa Kentucky, na timu yake iliifunga Alabama, jambo ambalo chuo hicho hakikuwa kimelifanya tangu mwaka 1922. Leach kwa upande wake alijulikana kwa kusimama kando ya kiwanja akiwa na kikaratasi kidogo, ilhali makocha wenzake walishika majedwali makubwa.

Sababu ya kupunguza ni ya kielimu kabisa. Tangu mwaka 1991, kanuni za chama cha michezo ya vyuo cha Marekani, NCAA, zimeweka kikomo cha saa 20 za mazoezi kwa juma wakati wa msimu. Saa zikigawanywa kwa mashambulio mengi, kila moja hupata dakika chache. Vijana hulijua kila moja kwa nusu, na ujuzi wa nusu huvunjika wakati wa taabu. Zikigawanywa kwa machache, kila kijana hujua wajibu wake na hata sababu ya wajibu huo.

Mwalimu wa shule ya msingi naye ana saa zilizohesabiwa. Kipindi cha dakika 40 chenye madhumuni manne hakina dhumuni hata moja. Andalio zuri huchagua jambo moja kuu, likatafutiwa mifano na mazoezi ya kutosha, hata mtoto wa dawati la nyuma apate nafasi ya kulifanya kwa mkono wake.

Kuandika Mwanzo wa Somo

Bill Walsh alikuwa kocha mkuu wa Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 1977 na 1978, kabla ya kujipatia sifa kubwa katika timu ya kulipwa ya San Francisco. Alikuwa na desturi ya kuandika mapema, kwa mfuatano, orodha ya mashambulio ya kufungulia mchezo. Huko San Francisco orodha hiyo ilifikia 25. Watu wengi walishangaa, wakiuliza itakuwaje mtu aamue jambo la saa ya mchezo kabla hajaiona hali ya uwanja.

Walsh alikuwa na sababu mbili. Kwanza, mtu huamua vizuri zaidi akiwa ametulia ofisini katikati ya juma kuliko akiwa katikati ya kelele za maelfu ya watazamaji. Pili, mashambulio ya mwanzo yalikuwa kama maswali. Kila moja lilipangwa lioneshe jinsi walinzi wanavyojipanga wakikabiliwa na mpangilio fulani. Majibu hayo yaliandikwa, na uteuzi wa baadaye ulijengwa juu yake. Wala Walsh hakuifanya orodha yake kuwa pingu. Hali ikihitaji, mathalani jaribio la 3 likibakiwa na yadi nyingi, aliiweka kando, kisha akairudia.

Kwa mwalimu mwanafunzi, dakika 5 za mwanzo ndizo zenye hofu kubwa kuliko zote. Watoto wanamkodolea macho, mkufunzi amekaa nyuma na kalamu yake, na chaki inatoka jasho mkononi. Hapo ndipo mahali pa kuandika kila kitu: sentensi ya kufungulia somo, swali la kwanza, swali la pili, zana itakayooneshwa na mahali itakapowekwa. Lakini maswali hayo ya mwanzo yasiwe ya kupamba kipindi. Yateuliwe ili majibu yake yamwoneshe mwalimu darasa limesimama wapi.

Swali Lenye Njia Tatu

Mwaka 1968, katika Chuo Kikuu cha Texas, msaidizi wa kocha aliyeitwa Emory Bellard alibuni mpangilio wenye wakimbiaji watatu nyuma ya kwotabeki. Uliitwa Wishbone kwa sababu ulifanana na ule mfupa wa panda ulio kifuani mwa kuku. Kocha mkuu, Darrell Royal, aliukubali. Mchezo wa kwanza walitoka sare, wa pili wakafungwa. Baada ya hapo walishinda michezo 30 mfululizo.

Nguvu ya mpangilio huo ilikuwa katika jambo moja la ajabu: kulikuwa na mlinzi aliyeachwa makusudi bila kuzuiwa na mtu. Kwotabeki alimtazama. Mlinzi akimwendea mkimbiaji wa kwanza, kwotabeki hubaki na mpira. Akimsubiri kwotabeki, mpira hupewa mkimbiaji. Mbele kidogo aliachwa mlinzi wa pili. Huyu naye akimvamia kwotabeki, mpira hurushwa pembeni kwa mkimbiaji mwingine; akimfuata mkimbiaji wa pembeni, kwotabeki hupita mwenyewe. Kwa hiyo kocha hakuteua nani atabeba mpira. Aliteua shambulio lenye njia tatu, akamfundisha kijana alama ya kutazama na njia inayolingana na kila alama. Uamuzi ulifanyika uwanjani, lakini uliandaliwa mazoezini.

Hili ndilo fundisho kubwa kuliko yote katika makala haya, na tulitazame kwa mfano wa Hesabu. Chukua somo la kutoa kwa kukopa katika Darasa la Tatu. Mwalimu anaweza kuuliza 52 − 28, akasubiri jibu sahihi, na akilikosa akarudia maelezo yaleyale kwa sauti kubwa zaidi. Mwalimu aliyejiandaa hujua kabla ya kuingia darasani kwamba swali hilo lina majibu matatu ya kutazamiwa.

(a) Mtoto akijibu 24, ameelewa. Apewe hesabu yenye sifuri, mathalani 60 − 27.

(b) Mtoto akijibu 36, ametoa tarakimu ndogo katika kubwa bila kujali ipi iko juu: 8 toa 2 ni 6, na 5 toa 2 ni 3. Huyu hajafikia kukopa. Arudishwe kwenye vijiti vilivyofungwa kumi kumi, aone kwamba katika vijiti 2 hawezi kutoa 8 mpaka afungue fungu moja.

(c) Mtoto akijibu 34, amekopa lakini amesahau kwamba fungu limepungua: 12 toa 8 ni 4, na 5 toa 2 ni 3. Huyu hahitaji vijiti upya. Ahimizwe kuandika makumi 4 yaliyobaki kabla ya kuendelea.

Watoto wote wawili wa (b) na (c) wamekosa, na katika daftari la alama watapata mkasi uleule. Lakini maradhi yao ni mbalimbali, na dawa ya mmoja haimponyi mwingine. Mwalimu asiyezijua alama hizi huwapa wote dawa moja, kisha hushangaa kwa nini nusu ya darasa haisogei. Zaidi ya hayo, mtoto aliyekosa kwa njia yenye mantiki yake hujiona mjinga, akaichukia Hesabu tangu Darasa la Tatu. Kosa hilo la kufundisha huweza kumfuata mtoto miaka yote ya shule.

Mchezo Mmoja, Maamuzi Matatu

Tarehe 6 Desemba 1969, huko Fayetteville, timu ya Texas ilikutana na Arkansas. Hizo ndizo zilizokuwa timu ya kwanza na ya pili kwa ubora nchini. Robo ya nne ilipoanza Arkansas iliongoza kwa 14 kwa 0. Yaliyofuata yafaa yachunguzwe hatua kwa hatua.

Uamuzi wa kwanza. Kwotabeki wa Texas, James Street, alikimbia yadi 42 akafunga. Royal alichagua njia ya pointi 2, na Street akaivuka: 14 kwa 8. Royal alikuwa ameandaa uteuzi huo kabla ya mchezo. Hesabu yake ni rahisi: 8 na 7 ni 15, ambazo hushinda 14. Na kama jaribio hilo lingeshindikana, timu ingekuwa na 6, na kwa bao la pili pamoja na pointi 2 ingefika 14. Kujaribu mapema kuliacha nafasi ya kurekebisha.

Uamuzi wa pili. Arkansas, chini ya kocha Frank Broyles, ilifika yadi 7 kutoka mstari wa Texas. Jaribio la 3 ilirusha mpira, ukadakwa na mlinzi wa Texas. Kama ingeridhika na pointi 3 za mguu, ingekuwa na 17 kwa 8, na Texas ingelazimika kufunga mara mbili. Broyles alitafuta kumaliza mchezo, na mpira ukampotea.

Uamuzi wa tatu. Zikiwa zimebaki chini ya dakika 5, Texas ilikuwa na jaribio la 4 na yadi 3 za kwenda. Timu hii ilizoea kukimbia, na walinzi walijua hivyo. Royal aliagiza kurusha mbali. Street alirusha, na Randy Peschel akaudaka mpira katikati ya walinzi wawili. Shambulio likaleta yadi 44. Muda mfupi baadaye Jim Bertelsen alifunga, mpira ukapigwa kati ya milingoti, na Texas ikashinda 15 kwa 14.

Wengi wameuita uamuzi wa tatu kamari. Ulikuwa na hatari, hilo halina shaka. Lakini shambulio lenyewe halikubuniwa pale kando ya kiwanja. Lilikuwemo daftarini, na mwanzo wake ulifanana na mbio za kila siku za Texas. Kilichoamuliwa papo hapo ni wakati wa kulitumia. Vivyo hivyo, mwalimu anayeacha njia yake katikati ya kipindi hana budi kuwa na njia nyingine aliyoiandaa. Asiyekuwa nayo hapigi mbinu mpya, anatangatanga.

Kuupima Uamuzi

Tarehe 2 Januari 1984, timu ya Nebraska chini ya Tom Osborne ilikuwa nyuma ya Miami, ikafunga zikiwa zimebaki sekunde 48, matokeo yakawa 31 kwa 30. Pointi 1 ya mguu ingeleta sare, na siku zile michezo ya vyuo haikuwa na muda wa nyongeza. Muda huo uliingizwa katika daraja la juu mwaka 1996. Watu wengi waliamini kwamba sare ingetosha kuipa Nebraska ubingwa. Osborne alichagua pointi 2 ili ashinde. Mpira uliguswa na mlinzi, na Nebraska ikashindwa 31 kwa 30.

Je, uamuzi ulikuwa mbaya kwa kuwa haukufaulu? Tukisema hivyo, basi kila uamuzi wa ovyo uliobahatika utakuwa mzuri. Kipimo cha haki ni kuuliza: mwamuzi alijua nini wakati ule, alikuwa na njia zipi, na alikusudia nini? Mwalimu mwanafunzi ajiulize vivyo hivyo anapojaza sehemu ya maoni mwishoni mwa andalio. Kuandika "somo lilieleweka" au "somo halikueleweka" hakumsaidii mtu. Aandike: "Watoto 19 walijibu 36, nilirudi kwenye vijiti, baada ya hapo 11 kati yao walijibu 24." Maoni ya namna hiyo humpa mahali pa kuanzia kesho.

Matumizi katika Andalio

Tofauti moja sharti isemwe wazi. Watoto si wapinzani wa mwalimu. Kinachoshindwa darasani ni kutoelewa, na katika vita hivyo watoto wako upande wetu. Kwa kuzingatia hilo, tunapendekeza mambo manne:

1. Chagua jambo moja kuu la kipindi, na ulipe sehemu kubwa ya muda.

2. Andika kwa ukamilifu dakika za mwanzo, pamoja na maswali yatakayokuonesha hali ya darasa.

3. Teua mahali pawili katika somo pa kulisoma darasa. Katika kila mahali andika swali, majibu unayoyatazamia, na utakalofanya kwa kila jibu.

4. Acha nafasi ya kuandika yaliyotokea, kwa hesabu na si kwa sifa.

Hitimisho

Tumekwisha kuona kwamba sauti ya kocha hukatwa sekunde 15 kabla. Mkufunzi naye hatakuwapo darasani siku zote. Na mwalimu mwenyewe hatakuwapo siku mtoto atakapokaa peke yake mbele ya karatasi ya mtihani, au mbele ya duka akihesabu chenji. Andalio huandikwa kwa ajili ya saa hiyo. Kwa hiyo, mwalimu asichague kati ya andalio na uamuzi wa papo kwa papo, bali auandalie uamuzi wake nafasi ndani ya andalio.

Maswali ya Kujadili

1. Chagua hesabu moja ya kuzidisha kwa Darasa la Nne. Taja majibu mawili yasiyo sahihi unayoyatazamia, na ueleze jinsi mtoto alivyoyapata.

2. "Jaribio la pointi 2 la Royal liliacha nafasi ya kurekebisha." Eleza, kisha utoe mfano wa jambo katika somo la Kiswahili linalofaa kujaribiwa mapema kwa sababu hiyohiyo.

3. Ungekuwa Broyles, ungeamua nini? Toa sababu bila kutumia matokeo ya mchezo.

4. Chukua andalio lako la juma lililopita. Onesha mahali pawili ambapo ungeweza kulisoma darasa, na uandike upya sehemu hizo.